Jinsi Kompyuta Kongwe Inavyochunguzwa na Kutengenezwa

Mwezi Januari 1982, katika maonyesho ya vyombo vya elektroniki mjini Las Vegas nchini Marekani, kampuni ya Commodore ilionyesha kwa mara ya kwanza kompyuta ndogo ya nyumbani iliyopewa jina la Commodore 64. Ilianza kuuzwa mwezi Agosti mwaka huo kwa dola 595, na hadi kampuni hiyo ilipofilisika mwezi Aprili 1994 zilikuwa zimeuzwa kompyuta za aina hiyo zaidi ya milioni 12. Nyingi zimekwisha tupwa. Zilizosalia zimo katika majumba ya makumbusho, katika maabara na katika stoo za watu binafsi. Nazo zinapowashwa baada ya kukaa kimya miaka mingi, si ajabu kukuta kwamba taa nyekundu ya mbele inawaka vizuri lakini kioo cha televisheni kimebaki cheusi.

Kompyuta hii ni somo jema kwa mwanafunzi wa fizikia, kwa sababu karibu kila kazi ndani yake imekabidhiwa chipu yake maalumu. Katika kompyuta za leo mabilioni ya transista yamesongamana ndani ya chipu moja ambayo hakuna fundi awezaye kuitengeneza. Ikiharibika hutupwa, na mara nyingi hutupwa pamoja na ubao wake. Katika Commodore 64 prosesa ni chipu moja, picha ni chipu nyingine, sauti ni nyingine tena, na kumbukumbu imegawanywa katika chipu nane zinazofanana. Kampuni yenyewe ilichapisha mchoro kamili wa saketi zake katika kitabu cha mwongozo kwa waandishi wa programu. Mtu aliye na mchoro huo, multimita na subira anaweza kuufuata ugonjwa hatua kwa hatua mpaka akifikie kiungo kilichokufa.

Hata hivyo kazi hii ina hatari, na anayehatarishwa zaidi ni mgonjwa mwenyewe kuliko mganga. Chipu halisi ya sauti, iliyosanifiwa na Robert Yannes, haitengenezwi tena. Hali kadhalika chipu ya picha. Vipo vibadala vya kisasa, lakini kila chipu ya asili iliyo nzima ni sehemu ya akiba isiyoongezeka. Fundi mwenye pupa, aanzaye kwa kuchomoa chipu nzima kutoka mashine moja na kuipachika katika mashine nyingine yenye hitilafu asiyoijua, aweza kuua mbili badala ya kuokoa moja. Kwa sababu hiyo mpangilio wa uchunguzi, yaani kujua kipi hutangulia na kipi hufuata, ndio kiini cha kazi yote.

Viungo na kazi zake

Moyo wa mashine ni prosesa iitwayo 6510. Hupokea mapigo ya saa yapatayo 985,000 kwa sekunde katika mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni za Ulaya, na yapatayo 1,023,000 katika zile za Marekani. Prosesa ina nyaya 16 za anwani, na kwa kuwa kila waya unaweza kuwa na hali mbili tu, yaani 0 au 1, idadi ya anwani zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 16, au 65,536. Hapa ndipo wasanifu walipokutana na tatizo la kuvutia. Mashine ilipewa baiti 65,536 za kumbukumbu ya kuandikwa na kusomwa, na hizo peke yake zinatosha kuzimaliza anwani zote. Lakini inazo pia kilobaiti 20 za kumbukumbu ya kudumu, zenye lugha ya BASIC, programu za msingi za kuendesha mashine na maumbo ya herufi. Na bado kuna chipu za picha, sauti na mawasiliano zinazohitaji anwani zao. Nyumba ni chache kuliko wapangaji.

Suluhisho lilikuwa kuweka chipu moja iwe mgawaji wa anwani. Chipu hiyo, ambayo mafundi huiita kwa herufi zake PLA, ina njia 16 za kuingiza habari na njia 8 za kutoa. Kila prosesa inapotaja anwani, PLA hutazama hali ya mashine wakati ule na kuamua ni nani atakayejibu: kumbukumbu ya kawaida, kumbukumbu ya kudumu, au chipu nyingine. Ikifa chipu hii, prosesa huita na asiyetakiwa akajibu, au wakajibu wawili kwa pamoja, au asijibu mtu. Mashine nzima hupotewa na fahamu ingawa viungo vingine vyote ni vizima.

Chipu ya picha nayo ina kazi zaidi ya ile inayoonekana. Mapigo ya saa ya prosesa hupitia kwake kwanza. Aidha, ndiyo inayohuisha kumbukumbu. Kumbukumbu za aina hii huhifadhi kila biti kwa namna ya chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita ndogo mno, na chaji hiyo huvuja kama maji katika mtungi wenye ufa. Isipojazwa upya ndani ya milisekunde chache, habari hupotea. Chipu ya picha huzipitia safu za kumbukumbu bila kukoma na kuzijaza. Basi ikifa, hasara si picha tu, bali saa ya prosesa husimama na kumbukumbu husahau.

Kwa nini chipu hufa

Wengi hudhani kwamba kitu kisicho na sehemu zinazosogea hakichakai. Dhana hiyo si kweli. Chipu ni kipande cha silikoni kilichounganishwa na miguu yake kwa nyaya nyembamba kuliko unywele, kisha vyote vikafunikwa kwa plastiki. Kila mashine inapowashwa chipu hupata joto na kutanuka, na kila inapozimwa hupoa na kusinyaa. Silikoni, metali na plastiki hazitanuki kwa kiasi kimoja, na baada ya maelfu ya mizunguko kiungo dhaifu hukatika. Unyevu nao hupenya polepole kati ya plastiki na miguu, ukifika ndani hula njia za alumini zilizochorwa juu ya silikoni. Msomaji wa pwani, anayejua jinsi chumvi ya hewani inavyokula mabati, hatashangaa.

Kisababishi kikali zaidi ni volteji iliyozidi. Ndani ya transista za chipu hizi kuna utando wa kihami wenye unene ulio chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukipita kiwango cha volteji unachostahimili, utando hutoboka, na tundu hilo halizibiki. Umeme tuli wa mwilini, ule unaomrusha mtu anapogusa kitasa cha mlango katika siku ya ukavu, una volti maelfu kadhaa. Kiasi cha chaji ni kidogo mno kumdhuru binadamu lakini chatosha kabisa kutoboa utando huo. Ndiyo maana fundi mwangalifu hugusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa ubao, na kama anao ukanda wa mkononi wenye waya wa ardhi, huuvaa.

Umeme kwanza

Kifaa cha kwanza kuchunguzwa hakimo ndani ya kompyuta. Commodore 64 hupata umeme kutoka sanduku la nje lenye transfoma, ambalo hutoa volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu. Sanduku hilo limejazwa resini iliyoganda kama jiwe, hivyo halifunguki kwa urahisi wala halipoi vizuri. Ndani yake mna kidhibiti volteji ambacho kazi yake ni kuzipunguza volti zinazotoka katika transfoma hadi 5 kamili. Baada ya miaka mingi ya joto, kidhibiti hicho huharibika kwa namna mbaya kuliko zote: hakikati umeme, bali huacha kuuzuia. Badala ya volti 5 hupita 7, 8 au zaidi, na za kwanza kufa ni chipu za kumbukumbu.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba taa nyekundu haitoi onyo lolote. Kwa volti 5 huwaka, na kwa volti 7 huwaka vilevile, pengine kwa mng'ao kidogo zaidi ambao jicho halitautambua. Kwa hiyo mtu anayeokota mashine stoo na kuichomeka ukutani "ili kuona tu kama inafanya kazi" huenda akaiua kwa jaribio hilohilo. Sanduku la umeme lazima lipimwe peke yake, likiwa halijaunganishwa na kompyuta.

Tena halitoshi kulipima likiwa tupu. Sanduku lisilo na mzigo laweza kuonyesha volti 5 safi, kisha likaanguka au kupanda linapodaiwa mkondo. Njia rahisi ni kutumia rezista ya omu 5 yenye uwezo wa wati 10. Kwa Kanuni ya Ohm, volti 5 zikipita katika omu 5 hutoa mkondo wa ampea 1, na nguvu inayogeuka joto ni wati 5. Rezista itapata moto sana, lakini haitaungua. Mzigo huo uachwe kwa nusu saa, multimita ikisomwa kila baada ya dakika chache, kwa sababu vidhibiti vingi vibovu huonyesha ubaya wao baada ya kupata joto. Kipimo kikibaki kati ya volti 4.75 na 5.25 muda wote, sanduku linaweza kuaminiwa, ingawa kwa maoni ya mafundi wengi wazoefu sanduku la asili lenye resini halistahili kuaminiwa hata likifaulu mtihani, na ni afadhali kulibadilisha kwa jipya. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na chipu nane za kumbukumbu na kazi ya kuzitoa. Kulipasua ili kulitengeneza si kazi ya wanafunzi: upande wake mmoja umeunganishwa na umeme wa ukutani.

Zile volti 9 za mkondo geu nazo zisisahauliwe. Katika mbao za miaka ya mwanzo, umeme huo hupita katika fyuzi ya ampea 1.5 iliyomo ndani ya kompyuta, kisha hugeuzwa kuwa volti 12 kwa ajili ya chipu za sauti na picha, na volti 5 nyingine kwa ajili ya chipu ya picha. Taa ya mbele haipati umeme kutoka huko. Fyuzi hiyo ikikatika, taa itawaka kama kawaida, prosesa itapata umeme wake, lakini chipu ya picha haitapata chochote na kioo kitakuwa cheusi. Zipo mashine zilizonyofolewa chipu zote, moja baada ya nyingine, wakati kilichokufa ni fyuzi ya bei ya peremende.

Kioo cheusi

Umeme ukiwa sawa na kioo bado ni cheusi, swali linalofuata ni hili: je, prosesa inaishi? Kabla ya kuishi inahitaji mambo matatu: umeme, mapigo ya saa, na ishara ya kuanza. Ishara ya kuanza huushikilia mguu mmoja wa prosesa katika volti 0 kwa muda mfupi mashine inapowashwa, kisha huuachia upande. Multimita ya kawaida yatosha kuliona hilo: mguu huo ukibaki chini daima, prosesa imefungwa mdomo na kosa liko katika saketi ya kuanzishia, wala si katika prosesa. Mapigo ya saa ni ya kasi mno kwa multimita. Yanahitaji osiloskopu, au kile kijiti cha uchunguzi chenye taa ndogo zinazoonyesha kama waya uko juu, chini au unapigapiga. Saa yote ya mashine hutokana na fuwele ya kwatzi. Katika mashine za Ulaya hutetema mara 17,734,472 kwa sekunde, na kasi ya prosesa hupatikana kwa kugawanya idadi hiyo kwa 18. Mwanafunzi anaweza kukokotoa mwenyewe na kuilinganisha na kasi iliyotajwa hapo juu.

Mapigo yakiwapo, nyaya za anwani hutazamwa. Prosesa hai huzichezesha zote. Waya mmoja ukikutwa umesimama, juu au chini bila kusogea, hiyo ni dalili kubwa, lakini haimtaji mkosaji. Waya wa anwani hutoka kwenye prosesa na kuzitembelea chipu nyingi. Yeyote kati ya hao aweza kuwa ameungana na ardhi kwa ndani, hali ambayo mafundi huiita shoti, akawavuta wenzake wote chini. Hali hii hufanana na bomba la mtaa linalokosa maji: nyumba zote zimekauka, lakini lililopasuka ni bomba la nyumba moja.

Kwa mashine iliyo na umeme, saa na ishara ya kuanza, lakini kioo chake ni cheusi, washukiwa wakubwa ni wawili: PLA na kumbukumbu. PLA za miaka ya mwanzo zina sifa mbaya ya kufa mapema, na wapo mafundi wanaoibadilisha bila hata kupima. Desturi hiyo huokoa muda mara nyingi, lakini haifai kufundishwa, maana humzoeza mtu kubahatisha.

Chipu nane, biti nane

Kumbukumbu ndiyo sehemu iliyo tajiri zaidi kwa mafunzo. Chipu nane za aina ya 4164 zimepangwa kwa safu, kila moja ikiwa na uwezo wa kuhifadhi biti 65,536. Baiti moja ina biti nane. Wasanifu waliamua kwamba kila chipu itunze biti moja ya kila baiti. Chipu ya kwanza hutunza biti ya kwanza ya baiti zote, ya pili hutunza biti ya pili, na kuendelea. Kwa mpango huo chipu moja ikifa kabisa, hakuna hata baiti moja iliyosalimika, kwa kuwa kila moja imepungukiwa na biti ile ile. Ni kama kitabu ambacho herufi ya tatu ya kila neno imefutwa kuanzia jalada hadi jalada.

Kila inapowashwa, mashine hujipima yenyewe. Programu ya msingi huanzia anwani ya 1024, ikaandika humo mfuatano wa biti 01010101, kisha ikausoma. Halafu huusogeza uwe 10101011, ikaandika na kusoma tena. Uteuzi wa namba hizo mbili si wa bahati nasibu: kati yake karibu kila biti hulazimika kuwa 0 mara moja na 1 mara moja, na kila biti huwa tofauti na jirani yake, hivyo hata nyaya mbili zilizogusana hugunduliwa. Programu huendelea hivyo baiti kwa baiti mpaka ikutane na mahali ambapo kilichosomwa si kile kilichoandikwa. Katika mashine nzima mahali hapo ni anwani ya 40,960, kwa sababu hapo ndipo huanza lugha ya BASIC katika kumbukumbu ya kudumu, ambayo huweza kusomwa lakini haiandikiki. Programu za mtumiaji huanza kwenye anwani ya 2,049. Toa 2,049 kutoka 40,960, na jibu ni 38,911. Namba hiyo ndiyo inayoandikwa juu ya kioo kila Commodore 64 yenye afya inapowashwa, na wengi waliokua nayo huikumbuka hata leo bila kujua ilikotoka.

Sasa ikiwa chipu moja imeharibika katika eneo dogo tu, tuseme kuanzia anwani ya 16,384, mashine itawaka, lakini namba itakayoonekana ni 14,335. Kwa hesabu ya kujumlisha peke yake fundi ameshajua mahali pa ugonjwa, ingawa bado hajajua ni biti ipi. Lakini ikiwa chipu imekufa yote, hesabu hiyo haitaonekana kamwe, maana prosesa yenyewe hutumia anwani za mwanzo wa kumbukumbu kuwekea habari zake za muda, na zikipotea humo haiwezi hata kurudi pale ilipotoka. Kioo kitakuwa cheusi.

Kwa hali hiyo ilibuniwa katriji maalumu ya uchunguzi, ambayo huchomekwa nyuma ya mashine na kuzichukua anwani za programu ya msingi. Ubora wake ni kwamba imeandikwa kwa namna isiyotumia kumbukumbu ya mashine hata kidogo. Kila inachohitaji hukishika ndani ya prosesa yenyewe. Huandika katika kumbukumbu, husoma, na inapokuta biti yenye kosa huwakisha na kuzima kioo kizima mara kadhaa. Idadi ya mimweko, kuanzia 1 hadi 8, hutaja chipu iliyo mbovu. Lakini kama PLA, prosesa au chipu ya picha imekufa, katriji nayo haitasema lolote, na ukimya huo ni habari pia: humrudisha fundi kwa washukiwa hao watatu.

Joto, na chipu juu ya chipu

Asiyekuwa na katriji hana budi kutumia vidole. Chipu yenye shoti hula mkondo mkubwa kuliko wenzake na kugeuza nguvu hiyo kuwa joto. Baada ya dakika mbili za kuwasha, kidole huwekwa juu ya kila chipu kwa zamu, kwa kugusa upesi kwanza, kwani chipu mbovu yaweza kuunguza ngozi. Kosa la wanaojifunza ni kulinganisha visivyolingana. Chipu ya picha na PLA huwa moto kwa kawaida hata zikiwa nzima; joto lao halithibitishi kitu. Chipu nane za kumbukumbu, kwa kuwa zinafanana na hufanya kazi sawa, zinapaswa kuwa na joto sawa. Moja ikizidi sana wenzake, imejitaja. Iliyo baridi kabisa kati ya vuguvugu nayo itiliwe shaka.

Ipo njia nyingine ambayo mafundi wa redio wamekuwa wakiitumia kwa kapasita tangu zamani: kuweka kilicho kizima sambamba na kinachoshukiwa. Chipu nzima ya aina ile ile hupandikwa juu ya inayoshukiwa, mguu juu ya mguu, mashine ikiwa imezimwa, kisha huwashwa. Ikiwa ya chini imekatika kwa ndani na kunyamaza, ya juu hufanya kazi badala yake na mashine huamka. Lakini ikiwa ya chini ina shoti, itaendelea kuuvuta waya chini hata ipandikwe nini, na jaribio litatoa jibu la uongo. Kwa hiyo mashine ikiamka, hukumu ni thabiti. Isipoamka, hakuna kilichothibitishwa. Wanafunzi wa hisabati watalitambua hilo: kauli ikiwa kweli, kinyume chake si lazima kiwe kweli.

Kuitoa chipu

Kabla ya hapo hakuna kilichoharibiwa. Kuanzia hapa makosa hayafutiki. Chipu za kumbukumbu zina miguu 16, na kwa kawaida zimelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao. Lehemu ya bati na risasi ya siku hizo huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi za Selisiasi, lakini njia za shaba zimegandishwa juu ya ubao kwa gundi ambayo joto la muda mrefu huilegeza. Anayeing'oa chipu kwa nguvu hung'oa na njia za shaba.

Kama hukumu ya kifo imekwisha thibitishwa, njia ya salama ni kuitoa chipu mhanga ili ubao upone. Miguu yote 16 hukatwa kwa koleo dogo karibu na mwili wa chipu, mwili huondolewa, kisha kila mguu hupashwa moto na kuvutwa peke yake kwa kibanio. Matundu husafishwa kwa pampu ya kunyonyea lehemu. Mahali pake haiwekwi chipu bali soketi, ili siku nyingine ubadilishaji uwe wa sekunde chache na ubao usipate moto tena. Chipu mpya ina kidato upande mmoja, nacho lazima kielekee upande ule ule kilikokuwa kile cha zamani. Ikigeuzwa, umeme utaingia mahali pa ardhi. Madirisha yawe wazi wakati wa kulehemu, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwa sababu risasi ni sumu.

Hapa yafaa kusema neno juu ya desturi iliyoenea ya kubadilisha kapasita zote za mashine kongwe kabla ya kuchunguza lolote. Ni kweli kwamba kapasita zenye majimaji ndani yake hukauka au kuvuja, na katika mashine kadhaa za miaka ya mwisho ya 1980 zimeharibu mbao nyingi. Lakini katika Commodore 64 ni mara chache kukuta kwamba ndizo chanzo cha kioo cheusi. Kila kiungo kinacholehemiwa bila sababu ni nafasi mpya ya kukosea.

Kubadilishana kwa mapacha

Hitilafu zinazotokea wakati kioo kinawaka ni rahisi zaidi. Sauti ikikosekana na kila kitu kingine ni sawa, hutazamwa kwanza zile volti 12, kisha chipu ya sauti. Herufi zikigeuka vigae visivyosomeka wakati mpangilio wa kioo ni wa kawaida, chipu yenye maumbo ya herufi hushukiwa. Rangi za herufi zikichezacheza, kuna chipu ndogo ya pekee inayotunza rangi.

Kibodi isiyojibu yastahili maelezo zaidi. Vitufe vimepangwa katika jedwali la nyaya 8 kwa 8, yaani makutano 64, na chipu iitwayo 6526 ndiyo inayolisoma. Kitufe kimoja kikigoma, kosa ni uchafu chini yake. Vikigoma vinane vya waya mmoja, waya umekatika au mguu mmoja wa chipu umekufa, na mara nyingi aliyeuua ni mtoto aliyetia kidole katika tundu la kuchomekea usukani wa michezo, maana miguu ya chipu hiyo inafika huko bila kinga yoyote dhidi ya umeme tuli. Mashine inazo chipu mbili za 6526: moja ya kibodi, nyingine ya mawasiliano na chombo cha kusomea disketi. Zikiwa katika soketi, fundi huzima mashine na kuzibadilishana nafasi. Ikiwa sasa kibodi imepona na disketi ndiyo haisomeki, ugonjwa umehama pamoja na chipu, na hakuna kilichonunuliwa. Ikiwa kibodi bado imegoma, chipu haina hatia na uchunguzi unarudi kwenye nyaya.

Baada ya matengenezo mashine haifungwi siku hiyo hiyo. Huachwa ikiwaka saa mbili au tatu, ikiendesha programu ya kupima kumbukumbu tena na tena, kwa sababu ufa mdogo katika lehemu huweza kushikana ukiwa baridi na kuachana ukipata moto. Mashine ikizimia baada ya dakika 40, kila chipu hupoozwa kwa zamu kwa hewa baridi; ile ambayo ikipoozwa mashine huzinduka ndiyo inayofuata kutolewa. Chipu zilizotolewa huandikwa tarehe na dalili zake, kisha hutiwa katika bahasha na kuwekwa ndani ya sanduku pamoja na mashine.